Programu mpya haitaokoa depo yenye kaye pembeni

Wandugu, kuna neno moja ambalo sisi wenye diplome tunasemaka haraka sana tukifika kwenye kampuni ya mtu: "Programu hii ni ya zamani, mununue ingine." Hata mimi nililisema. Leo nataka kulikosoa, na ninaanza na kosa langu mwenyewe.

Wakati wa staji nilitumwa kwenye depo moja ya vyakula na sabuni, hapa kwetu mashariki. Patro alikuwa na programu ya kuendesha biashara: mauzo, stoki, fakture, vyote ndani. Aliilipia vizuri. Lakini kila mtu alikuwa bado na kaye yake pembeni. Mchana wanaandika kwenye kaye, jioni kijana mmoja anaingiza yote kwenye mashini, amechoka, na umeme uko karibu kukatika. Nikaandika ripoti ya kurasa 12: programu mpya, mashini mpya, mafunzo mapya. Nilijiona mtaalamu kweli.

Wiki ile ile, hesabu ya sabuni ikakataa. Programu ilisema kuna vipande 1170. Ndani ya depo tulikuta 480. Vipande 690 viko wapi? Macho yote yakaenda kwa papa mwenye kulinda depo. Patro alikuwa tayari kumfukuza. Papa akanivuta pembeni: "Mtoto wangu, sikuchukua hata kimoja. Wewe ulisoma, basi uhesabu."

Nikahesabu. Katoni 50 zilikuwa zimeingia, kila moja iko na vipande 24, na ziliandikwa vizuri: vipande 1200. Kisha katoni 30 ziliuzwa kwa jumla. Kijana wa jioni aliandika "30" na programu ikatoa vipande 30, wakati ilipaswa kutoa 720. Bei aliiandika kwa mkono, bei ya katoni, kwa hiyo pesa ilikuwa sawa na hakuna aliyeshtuka. Na ile programu ilikuwa na mahali pa kuieleza kwamba katoni moja ni vipande 24! Tangu inunuliwe, hakuna aliyepafungua. Kupajaza kulituchukua nusu saa.

Ripoti yangu ya kurasa 12 haikuwa na neno hata moja juu ya jambo hilo. Programu mpya ingejazwa na watu wale wale, kutoka kaye zile zile, saa ile ile ya uchovu. Papa angefukuzwa tu, tofauti ni kwamba mashini ingekuwa mpya.

Musifikiri ni shida ya depo moja. Tuchukue Odoo, ambayo wengi wetu tumeigusa. Ilianzia Ubelgiji mwaka 2005 ikiitwa TinyERP, na toleo lake la Community ni la bure. Iko na vipimo vya katoni na kipande, iko na pesa za aina mbili, iko na onyo la kusema bidhaa inakaribia kuisha. Hata sehemu yake ya kuuzia dukani inaendelea kufanya kazi intaneti ikikatika, kama ulikuwa umeshaifungua. Lakini vingi havijiwashi vyenyewe. Lazima mtu aingie kwenye mipangilio na avijaze. Kwetu tunanunua kwa dola na kuuza kwa franka. Kama hakuna anayebadilisha bei ya dola ndani ya programu, faida unayoiona kwenye kioo ni ya uongo, na patro ataila akifikiri ni faida kweli.

Kuna pia jambo la neno la siri. Kwenye biro nyingi watu watano wanatumia neno la siri moja, mara nyingi lile la patro. Programu iliundwa ili ikumbuke nani aliandika nini na saa ngapi. Tukiingia wote kwa jina moja, tunaiziba mdomo. Hesabu ikikosekana, mashini haina shahidi, na anayelipa ni mtu wa chini kabisa: mlinzi wa depo, mwenye kupokea pesa. Hapo uvivu wetu unageuka kuwa mkate wa familia ya mtu.

Najua kuna atakayesema: "Lakini programu zingine ni mbaya kweli." Sikatai. Hata Odoo ya bure haina uhasibu kamili. Kampuni inayotaka kufunga mwaka kwa SYSCOHADA, na nchi yetu iko ndani ya OHADA tangu 2012, italipa toleo la Enterprise ao itatafuta nyongeza. Huo ni mpaka wa kweli. Lakini mpaka huo utaujua ukishafika kwenye mwisho wa kile ulicho nacho. Sisi tunahukumu tukiwa bado mlangoni.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika "mununue ingine", tukae siku mbili na wale wanaoitumia. Tuulize ni kazi gani bado inaandikwa kwenye kaye ao kwenye Excel, na sababu gani. Tutazame ni sehemu zipi zimelipiwa na zimelala. Tujue nani anaingiza, saa ngapi, kwa jina la nani. Majibu yakionyesha kwamba programu imefika mwisho, sawa, tuibadilishe.

Mimi niliomba nirudishiwe ripoti yangu. Niliandika ingine ya ukurasa mmoja: vipimo vijazwe, kila mtu apate neno lake la siri, mauzo yaingizwe pale pale yanapofanyika. Patro alinung'unika kwamba ni fupi. Lakini papa alibaki kazini.

Na wewe, huko unapofanya staji ao kazi, ni sehemu gani ya programu haijawahi kufunguliwa? Utuandikie hapa chini.