Fundi Anayesikiliza Diski

Kabla ya kugusa kitufe chochote, fundi huyu wa kompyuta aliye ghorofani, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue mjini Nakuru, huzima redio. Huinama juu ya laptopu kuukuu aliyoletewa, akasikiliza. Mteja amesimama mlangoni, subira imemwishia. Chini barabarani matatu za Njoro zinapiga honi. Fundi hana haraka. Diski ya kuzunguka, ile ya mizunguko 5400 kwa dakika, ina sauti ya kazi na sauti ya ghasia. Ukifungua barua hukwaruza kidogo, ikatulia. Hii aliyoletewa inakwaruza bila kutumwa na mtu, na taa yake haipumziki. Fundi huutambua ugonjwa kabla hajauona kwenye skrini.

“Kuna anayesoma makaratasi yako humu ndani, mwalimu,” alimwambia mteja siku moja, “na hukumtuma.”

Msomaji huyo ni programu ya kuorodhesha faili. Kwenye KDE, mojawapo ya sura za Linux, inaitwa Baloo, nayo iliingia 2014 kuchukua nafasi ya Nepomuk. Kwenye GNOME, sura nyingine ya Linux, ni Tracker, ambayo matoleo mapya huiita LocalSearch. Hupitia faili moja baada ya nyingine, ikachukua maneno yaliyomo na kuyaweka akiba, ili siku utakapotafuta upate papo hapo. Wazo lenyewe ni la zamani na ni la heshima. Mwaka 1983 James Woods alieleza namna ya kupata faili upesi kwenye Unix kwa kutumia orodha iliyoandaliwa mapema, na huko ndiko ilikochipuka amri ya locate. Lakini orodha ile ilikuwa ya majina tu. Hizi za leo huingia hadi ndani ya barua, nawe ungali kazini, kwenye mashine ya mtumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, na mwenye mashine hakuulizwa.

Kuizima Baloo ni jambo la sekunde. Unaandika balooctl disable, kisha balooctl purge ifute ile akiba. Mtoto anaweza. Ufundi uko kwingine. Tracker, kwa mfano, ukiizima tu, programu nyingine yaweza kuiamsha tena. Ndiyo maana fundi wetu huifunga kwa amri ya mask, asiweze yeyote kuiamsha. Wala haing'oi, kwa sababu meneja wa faili wa GNOME anaitegemea, na ukivuta mmoja waweza kuondoka na wote wawili.

Tena huuliza kwanza. Hapo ndipo ninapompendea.

“Kazi zako unaziweka wapi, mwalimu?”

“Aa, popote tu, fundi. Naandika jina pale juu, inaniletea.”

“Basi hii siizimi. Ukiikosa utateseka.”

Akaiachia folda ya masomo peke yake, akaikataza picha na nakala za zamani. Diski ikatulia. Mteja aliyefuata alikuwa karani wa wakili, mwenye folda za kila mwaka na kila kesi. Kwake aliifunga yote bila kusita.

Karani yule alinikumbusha watu wa masijala. Nakuru ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa hadi kaunti zilipoingia 2013, na utotoni niliwaona makarani ambao majalada yalikuwa mikononi mwao kama tasbihi. Kila jalada na namba yake. Kila karatasi ndani yake na namba yake pembeni. Ungetaja shauri la shamba, karani angeinuka, angeenda moja kwa moja hadi kwenye rafu, angerudi nalo likiwa limefunguliwa penye ukurasa unaoutaka. Hakuwa akitafuta. Alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyeliweka pale. Siku hizi nafungua kompyuta za wasomi nakuta Mpya, Mpya2, Mwisho, Mwisho kabisa. Tumeiachia mashine itukumbukie hata mahali tulipoweka hati ya ardhi na cheti cha mtoto, kisha tunalalamika kwamba ni nzito.

Na kazi ya fundi imeongezeka. Tangu Windows 10 iishiwe na msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, mashine nzima ambazo Windows 11 inazikataa zinapanda ngazi zake kutafuta Linux. Nyingine zimeshapitia mikono mingine: programu ya kuorodhesha imeng'olewa, meneja wa faili hafunguki, na mwenyewe ameambiwa anunue diski mpya. Fundi hurudisha kilichong'olewa, ndipo aanze kazi yake. Akimaliza huandika kwenye karatasi alichofunga, tarehe, na amri ya kukifungua tena, akampa mwenye mashine. Katika maduka mengine ya mtaa huohuo sijaona karatasi hiyo. Mashine hutoka kimya, na mwenyewe hajui kilichonyamazishwa, wala atakirudishaje siku atakapokihitaji.