Kompoti ya Matufaha Juu ya Jiko la Mkaa

Matufaha hayastawi Ahero, magharibi mwa Kenya. Mti wake hutaka msimu wa baridi ulale ndipo uchanue vizuri, na uwanda wa Kano una joto mwaka mzima. Anayetaka kupika kompoti hapa hununua tunda lililosafiri, mara nyingi kutoka Afrika Kusini, bado lina kibandiko cha namba. Shangazi yangu huisoma namba kabla ya kuuliza bei. 4017 ni Granny Smith, la kijani na chachu. 4020 ni Golden Delicious, la manjano. Huchukua matatu ya kijani kwa mawili ya manjano, kwa kuwa la kwanza huleta uchachu, la pili huleta harufu na utamu. Lile jekundu linalong'aa, ambalo watoto hulililia, hulipita: likipikwa hupooza.

Wafaransa hulisha watoto wachanga kompoti, na wazee pia. Ni tufaha lililomenywa, maji kidogo na moto. Haina unga, haina yai, haihitaji oveni. Chakula cha namna hiyo humfichua mpishi upesi kuliko pilau ya viungo kumi.

Nampenda shangazi anapokata. Vipande vyote hutoka na unene mmoja, la sivyo vyembamba vitayeyuka huku vinene vikiwa bado vigumu katikati. Ili visigeuke rangi huvidondoshea ndimu, matone tu, kwani uchachu ukizidi hulikaza tunda na kulichelewesha kuiva. Sukari nayo hukaza, hivyo hungoja mwisho, na mara nyingine haitiwi kabisa.

Kazi yenyewe iko kwenye maji. Zaidi ya asilimia 80 ya tufaha ni maji, kwa hiyo kinachotakiwa ni kuizuia sufuria isiunguze mpaka tunda lianze kutoa yake. Vijiko vitatu vya mezani kwa kilo vinatosha. Asiyejua humimina kikombe kizima, akaona amejihami, kisha anakaa nusu saa akiyakausha yale aliyoyatia, na harufu yote inaondoka na mvuke. Shangazi hutumia sufuria nzito, hufunika mkaa kwa majivu na kufunga kidirisha cha jiko. Halafu hatufanyi lolote. Nikinyoosha mkono kwenye kifuniko huniambia, “Acha, mwanangu, halijalia bado.” Hasemi dakika ngapi. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na dakika za kitabu kilichoandikwa pwani ya Ufaransa hazitufai sana. Yeye husikiliza. Kwanza ni mchirizo mwembamba, kisha mtokoto mzito wa uvivu, pwa, pwa. Hapo ndipo kifuniko huondolewa.

Mashine ya kusaga haiguswi. Hupondaponda kwa mwiko kwenye ubavu wa sufuria na kuacha mabonge machache, na mimi naona ana haki: kompoti laini kupita kiasi ni ya asiye na meno.

Nusu ganda la vanila huingia mapema, lililopasuliwa na kukwanguliwa. Hutoka Uganda, ng'ambo ya Ziwa Victoria, nalo lina kisa chake. Ua la vanila hufunguka siku moja tu, na mbali na kwao Mexico halina mdudu wa kulichavusha. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius aligundua jinsi ya kulichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Wakulima wa Uganda bado hufanya hivyo, ua kwa ua, kwa mkono. Bei yake hainishangazi tena.

Kompoti huliwa baridi, kesho yake, uchachu ukiwa umetulia. Kwetu huwekwa juu ya wali uliopikwa kwa maziwa, mchele ukiwa wa papa hapa, wa mashamba yanayonyweshwa na mto Nyando tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Ila si pishori. Shangazi hununua ule wa bei nafuu usionukia, kwa sababu harufu ya pishori hugombana na ya vanila.