Kujitolea na Kutolewa: Uhakiki wa Huduma za Jamii Zisizo na Ujira katika Mbinga na Pwani ya Ziwa Nyasa

Utangulizi

Neno "kujitolea" limekuwa neno la kila siku katika mikutano ya vijiji vyetu. Lipo katika hotuba za viongozi wa serikali, katika barua za wafadhili, na katika mahubiri yetu wenyewe. Ni neno jema, na wema wake ndio unaotufanya tusite kulihoji. Katika makala hii tunakusudia kulihoji. Pale ambapo huduma iliyokuwa wajibu wa serikali inakabidhiwa kwa wanakijiji waifanye bila ujira, je, tunayo haki ya kuliita jambo hilo kujitolea?

Mfano wetu ni milima ya Mbinga pamoja na ukanda wa Ziwa Nyasa kuanzia Lituhi, kupitia Liuli, hadi Mbamba Bay na Chiwanda. Eneo hilo lilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012, ilipoundwa Wilaya ya Nyasa. Sisi Walutheri ni wachache huko. Wakatoliki wa Litembo na Waanglikana wa Liuli walitutangulia kwa miaka mingi. Lakini swali linalotoka huko linahusu kila usharika wa nchi hii.

Lugha yenyewe itusaidie kuanza. Katika neno "kujitolea" kiungo "-ji-" kinaonyesha kwamba atoaye na kitolewacho ni mtu yule yule. Hakuna awezaye kumjitolea mwenzake. Akijaribu kufanya hivyo, mwenzake hakujitolea; ametolewa. Na kutolewa ni jambo la kondoo wa sadaka, ambaye hakuulizwa.

Urithi wa kusaidiana

Tusianze kwa kudharau. Watu wa nchi hii wamejua kufanya kazi pamoja tangu kale. Wamatengo walilima miteremko mikali kwa mashimo ya ngolo, ambayo huzuia udongo usichukuliwe na mvua. Walikuwa pia na sengu, baraza ambamo watu wa ukoo walikula pamoja, wakasuluhisha magomvi na kupanga mambo yao. Kati ya mwaka 1999 na 2004, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa msaada wa shirika la Japani la JICA, kiliendesha mradi katika milima hiyo na kulitumia wazo hilo la sengu. Moja ya matunda yake ni mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji huko Kindimba, ambayo wanakijiji walishiriki kuijenga.

Kabla ya hapo, katika Songea iliyo jirani, wakulima wa Litowa na vijiji wenza waliunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma katika miaka ya 1960. Walilima pamoja, wakagawana mapato, wakaanzisha shule na kusaga nafaka yao wenyewe. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, na mali zake zikachukuliwa.

Tunaikumbuka habari hiyo kwa sababu inatufundisha kutofautisha. Katika Litowa, wale waliofanya kazi ndio walioamua kazi ifanywe vipi na matunda yake yaende wapi. Hilo ndilo lililowatisha wakubwa. Dola ilikataa wananchi wajitawale katika kazi yao, nayo dola hiyo hiyo ikaja baadaye kuwaomba wananchi kazi bila ile sehemu ya kujitawala. Hivyo mtu asemaye leo kwamba kazi za vijiji ni mwendelezo wa mila zetu hana budi kuulizwa: mamlaka yaliyoambatana na mila hizo yako wapi?

Jinsi mzigo ulivyohamishwa

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali iliahidi elimu, tiba na maji kwa wote bila malipo. Kujitegemea kulikuwa upande mmoja wa ahadi hiyo, na huduma ya serikali upande wa pili. Hata wakati huo palikuwa na ufa. Wahudumu wa afya vijijini walipangwa wawe wawili kwa kila kijiji, lakini malipo yao yaliachiwa serikali ya kijiji. Kijiji kisicho na mapato hakikuwa na cha kulipa. Wengi wa wahudumu hao waliacha kazi wakarudi mashambani.

Kisha ikaja miaka ya masharti. Mwaka 1986 Tanzania ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na matumizi ya huduma za jamii yakabanwa. Sera ya maji ya mwaka 1991 iliwataka wananchi wachangie gharama. Mwaka 1993 uchangiaji ukaanza katika hospitali za serikali. Katika miaka hiyo hiyo soko la kahawa lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kilichokuwa kikiwakopesha wakulima pembejeo, kikaanguka. Mkulima wa Mbinga alitakiwa achangie zaidi katika wakati ule ule alipokuwa na kidogo zaidi.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Ni lengo ambalo hatuwezi kulipinga. Njia yake ilikuwa kwamba wananchi wakusanye mawe, mchanga na matofali, wapandishe kuta hadi usawa wa lenta, ndipo serikali iezeke na kumalizia. Matokeo yake twayajua sote: nchini kote palibaki maboma yaliyoota majani, na hata palipoezekwa, mara nyingi muuguzi hakupatikana. Wananchi walikuwa wametimiza sehemu yao.

Ziwani pia mambo ni hayo. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinavitambua vikundi vya wananchi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, vijulikanavyo kama BMU. Vikundi hivyo hutazamiwa kuzuia nyavu haramu na kulinda mazalia ya samaki, kazi iliyo ya ofisa wa serikali mwenye mshahara na boti. Mvuvi anayemkamata jirani yake usiku hana mshahara, wala hana hakika ya mafuta ya boti, na asubuhi watakutana mnadani. Tukimkuta amepokea kitu kidogo ili afumbe macho, tusishangae. Tumemweka mahali ambapo uaminifu unagharimu kuliko uwezo wake.

Nani hujitolea, na nani hupoteza?

Ratiba ya kazi ya kijiji ikibandikwa, majina yote huonekana sawa. Lakini mwenye duka hutuma kijana au hulipa faini, na ofisa husimamia, naye yuko kazini kwa mshahara. Anayebaki na ndoo ya mchanga kichwani akipanda mlima ni mwanamke ambaye amekwisha kuteka maji na kumwacha mtoto kwa bibi. Asipofika, hutozwa faini au mbuzi wake huchukuliwa. Kodi ya maendeleo, iliyotozwa kwa kichwa, ilifutwa mwaka 2003, na wengi wetu tulishangilia. Kazi hizi ni kodi ya kichwa iliyorudi kwa mlango wa nyuma, tena inalipwa kwa siku za msimu wa kahawa na mahindi. Ni kweli kwamba Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti na hapo hapo inaziacha nje kazi za kawaida za ustawi wa jamii. Lakini jambo linaloruhusiwa na sheria si lazima liwe haki mbele za Mungu.

Biblia inalijua jambo hili. Nehemia alipojenga ukuta wa Yerusalemu, watu wa Tekoa walijenga sehemu yao, lakini wakuu wao hawakutia shingo zao kazini (Neh. 3:5). Sura mbili baadaye maskini wanalia kwamba wameweka rehani mashamba yao na watoto wao. Nehemia hakuwahubiria uvumilivu. Aliwakemea wakopeshaji, akarudisha mashamba, na yeye mwenyewe akakataa posho ya liwali kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Sulemani alifanya kinyume, na shokoa yake ndiyo iliyoupasua ufalme mikononi mwa mwanawe (1 Fal. 12).

Kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi. Zawadi haidaiwi. Muuguzi anayelipwa asipofika kazini, mama mjamzito ana haki ya kulalamika kwa diwani na kwa mganga mkuu wa wilaya. Mhudumu wa kujitolea asipofika, mama huyo atamlaumu nani? Ataambiwa, mshukuru kwa siku alizofika. Hivyo huduma inapogeuzwa kuwa hisani, mwananchi hupoteza haki ya kuidai, na serikali hupata utetezi usiojibika. Mwenye kujitolea naye huumia, maana akichoka huonekana msaliti wa wenzake.

Hoja ya umaskini

Tutajibiwa kwamba serikali ni maskini, na kwamba kama si wananchi hakuna zahanati. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini tuitazame ng'ambo ya ziwa hilo hilo. Malawi ni nchi maskini kuliko Tanzania, na bado wasaidizi wake wa afya wanaozunguka vijijini, wakichanja watoto na kufuatilia magonjwa, ni waajiriwa wa serikali wenye mshahara. Wako huko pia watu wa kujitolea, na upungufu ni mwingi. Lakini kiini cha kazi kimewekwa katika bajeti. Kumbe umaskini haukuamua, watu waliamua.

Hata mashirika makubwa yamebadili mawazo. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulisisitiza ushiriki wa jamii, na wengi wakausoma kama ruhusa ya kutolipa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka wahudumu wa afya wa jamii walipwe ujira unaolingana na kazi yao. Tarehe 31 Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafikia 137,294 katika miaka mitano, wakiwa na mafunzo na posho. Tunaupokea kwa furaha. Lakini posho inayotegemea mfadhili ni daraja la kamba. Marekani iliposimamisha misaada yake mwezi Januari 2025, wahudumu wengi wa Afrika walijua hivyo. Ujira wa kazi ya umma uwe katika hazina ya umma.

Sanduku la Leisnig

Sisi Walutheri tunao urithi unaotupasa kusema. Mwaka 1523 usharika wa mji mdogo wa Leisnig, katika Saksonia, ulitunga utaratibu wa sanduku la pamoja, na Martin Luther akauandikia dibaji. Kutoka katika sanduku hilo walipaswa kulipwa mchungaji na walimu wa shule, na kusaidiwa wazee, yatima na maskini. Lilikuwa na kufuli nne, na funguo zilishikwa na wakuu, baraza la mji, wenyeji wa mji na wakulima wa vijijini, ili kundi moja lisilifungue peke yake. Tena, sadaka zisipotosha, kila mtu alitakiwa alipe kwa mwaka kadiri ya uwezo wake.

Msomaji aone jambo hilo. Wale waliohubiri kwamba mtu huokolewa kwa neema, bila matendo, hawakuyaachia matunzo ya maskini yategemee mioyo mikunjufu peke yake. Walijua kwamba upendo wa kweli hutafuta utaratibu, na kwamba tajiri asipotozwa, maskini ndiye atakayebeba. Baraza la mji lilikataa kuachia mali zilizotakiwa kuingia sandukuni, na mpango ukakwama kwa muda. Mwaka uliofuata Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani kwamba wanaotumia fedha kwa silaha, barabara na madaraja hawana budi kutumia pia kwa walimu.

Wajibu wa Kanisa

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mchungaji anapoombwa kuitangaza kazi ya kijiji madhabahuni, aulize kwanza kama mkutano wa kijiji uliamua, kama wenye uwezo wanachangia kadiri ya uwezo wao, na kama serikali imeandika sehemu yake katika bajeti. Asipopata jibu, asilitumie jina la Kristo kuwahimiza watu.

Pili, Kanisa litumie nafasi yake mbele ya serikali. Makubaliano ya mwaka 1992 kati ya makanisa na serikali, yaliyokwenda pamoja na kuundwa kwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, yalikubali kwamba hospitali za Kanisa zinazohudumia umma zistahili fedha za umma. Tuliyoyadai kwa ajili ya hospitali zetu tuyadai pia kwa ajili ya mama wa Kihagara anayepima uzito wa watoto chini ya mwembe.

Tatu, nyumba yetu itazamwe. Mtenda kazi amestahili ujira wake (1 Tim. 5:18), naye mwinjilisti anayeongoza mtaa miaka kumi kwa ahadi ya debe la mahindi ni mtenda kazi. Sauti yetu juu ya wahudumu wa vijiji itasikika kwa kadiri tunavyowatendea hao.

Hitimisho

Watu wa Israeli walipoleta vitu kwa ajili ya maskani, walileta kwa moyo wa kupenda hata vikazidi, na Musa akatoa amri wasilete tena (Kut. 36:5-7). Zawadi ya hiari ina kipimo na ina mwisho. Aliyepokea anajua kusema, yatosha. Kazi zinazodaiwa mwaka hadi mwaka katika Mbinga na pwani ya Nyasa hazijapata mtu wa kusema hivyo. Hatutaki watu waache kusaidiana. Jirani akiugua ataendelea kubebwa kwa machela hadi barabarani, na hilo ni pendo. Tunachotaka ni kwamba huko barabarani pawe na gari, na zahanatini pawe na muuguzi, na wote wawili walipwe na sisi sote kwa kodi, kila mmoja kadiri ya uwezo wake.