Nyekundu kwa Nyekundu

Shati la drafti halimfichi fundi. Kitambaa cha rangi moja husamehe mkasi uliopinda kidogo, lakini drafti ina mistari ya kushuka na ya kukatiza. Mstari mwekundu wa mbele usipokutana na mwekundu wa nyuma pale ubavuni, kila mtu ataona, hata asiyejua kutunga uzi kwenye sindano. Ndiyo maana kila ninapotazama upya mavazi ambayo mbunifu Alexander McQueen aliyaonyesha Paris mwezi Machi 2006, macho yangu huanzia kwenye mishono.

Yalikuwa mavazi ya vuli. Vuli ya huko si hii yetu ya mvua za Oktoba hadi Desemba. Ni majira ya majani kupukutika na baridi kuanza kuuma, na wabunifu huonyesha nguo zake miezi kadhaa kabla ili maduka yawahi kuagiza. Ni majira ya sufu na nguo juu ya nguo, na kwa mshonaji hakuna majira mazuri kuliko hayo, kwa kuwa anapata kitambaa kizito cha kushindana nacho.

McQueen aliyapa mavazi hayo jina la The Widows of Culloden, yaani wajane wa Culloden. Culloden ni mahali huko Uskoti ambapo tarehe 16 Aprili 1746 jeshi la serikali ya Uingereza liliwasambaratisha waasi walioitwa Wajakobi, wengi wao watu wa nyanda za juu. Mwaka huohuo Bunge likatunga sheria ya kuwakataza wanaume wa nyanda hizo kuvaa mavazi yao ya jadi, pamoja na tartani, yaani kitambaa chao cha drafti. Aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi sita, na sheria hiyo haikufutwa mpaka 1782. Kwa hiyo drafti aliyoitumia McQueen si pambo tu. Ni nguo iliyowahi kumpeleka mtu gerezani.

McQueen mwenyewe alizaliwa London mwaka 1969, mtoto wa dereva wa teksi. Mama yake, Joyce, alipenda kufuatilia nasaba, na ndiye aliyemweleza kwamba upande wa baba walitokea kisiwa cha Skye huko Uskoti. Tartani aliyoichagua ni ya ukoo huo: nyekundu na nyeusi, na uzi wa njano ukipita katikati. Alikuwa ameshaitumia katika mavazi yake ya vuli ya 1995, na wakati ule aliyapasua. Lesi ilichanika na vifua vikabaki wazi, hata wengi wakadhani anashabikia ukatili dhidi ya wanawake, ilhali yeye alisema alikuwa akizungumzia yale Uingereza iliyoitendea Uskoti. Naielewa hasira ile. Hata hivyo mavazi ya 2006 ndiyo ninayoyapenda, kwa sababu ndani yake uchungu uleule umepitia kwenye sindano.

Sindano hiyo aliijua mapema. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akaenda kuwa mwanagenzi kwa Anderson & Sheppard, washonaji wa suti waliokuwa wakati huo katika mtaa wa Savile Row. Huko kijana hafundishwi mitindo. Anafundishwa koti. Ndani ya kola ya koti zuri mna kitambaa kigumu kilichoshikizwa kwa mamia ya mishono midogo ya mkono, kila mmoja ukinasa uzi mmoja au miwili tu ya sufu ili usitokeze nje. Hakuna atakayeuona, lakini ndio unaoifanya kola ijikunje yenyewe bila kulazimishwa na pasi. Aliyekaa miaka juu ya kazi hiyo hawezi tena kukiona kitambaa kama karatasi ya kuchorea.

Sasa mpe mtu huyo tartani. Hawezi kukunja kitambaa mara mbili na kukata pande zote kwa pamoja bila kuangalia, maana safu ya chini ikiteleza hata kidogo, drafti imeshaharibika. Lazima aibane kwa pini mstari juu ya mstari, apige bandi, ageuze, akague, ndipo aikubalie cherehani. Kitambaa kingi huishia kuwa vipande vya kutupa, kwa sababu kila sehemu ya nguo inasubiri mraba wake. Anayeshona gauni la kanga anaijua shida hii anapotaka pindo litue sawasawa kwenye upindo wa chini. McQueen alikuwa na shida zaidi: magauni yake yanabana kiuno kisha yanafutuka nyuma kwa umbo la mavazi ya karne ya 19, na mwili wenye mviringo haujali mistari iliyonyooka.

Watu wengi hukumbuka mwisho wa onyesho lile, mwanamitindo Kate Moss akielea kama mzuka ndani ya piramidi ya kioo, kwa ujanja wa taa na filamu. Ni kweli inashangaza. Lakini taa ni taa.

Mimi narudi kwenye gauni la lesi ya rangi ya maziwa. Sarah Burton, aliyekuwa msaidizi wake mkuu, alieleza baadaye kwamba lesi haikutumika ilivyotoka kiwandani: maua yake yalikatwa yote, kisha yakashonwa upya kwa mkono juu ya neti nyembamba ili lifuate mwili. Fikiria meza iliyojaa maua ya uzi yaliyokatwa, na mtu akiamua ua hili liende begani, lile lishuke kiunoni, na pale mshono unapopita liwekwe jingine juu yake ili usionekane. Hapo mshono umefichwa, wakati kwenye tartani umeachwa wazi mbele ya watu wote, na mkono ni uleule.

Kichwani mwa anayelivaa zimesimama pembe za kulungu zenye matawi, na shela ya lesi imetandazwa juu yake. Hatikisi kichwa. Anakuja polepole juu ya mbao, shingo imenyooka kama ya aliyejitwika maji, na marinda ya chini yanagusa sakafu kila anapoinua mguu.