Ufundi wa Kudumu Kwenye Gari la Wagonjwa

Mhudumu hodari wa gari la wagonjwa, kwangu mimi, si yule anayekimbiza gari kuliko wenzake. Ni yule aliyekaa kazini miaka mingi, mgongo wake bado mzima, usingizi bado anaupata, na sauti yake kwa mgonjwa haijawa kali.

Kazi hii kwetu Tanzania bado changa. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani kwa kasi na kugonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Wakati ule nchi haikuwa hata na idara moja kamili ya tiba ya dharura. Ya kwanza ilifunguliwa katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2010. Leo mjamzito akizidiwa kijijini, namba 115 hupigwa bure, na mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, humtafutia gari la kituo cha afya au la dereva wa jirani. Ni hatua kubwa. Ila ufundi mchanga una upungufu mmoja: wazee waliostaafu nao salama, wa kuwaonyesha vijana njia, bado ni wachache.

Kwa hiyo watazame vijana wanaojifunza wenyewe. Gari limefika zahanati, mama analetwa kwenye machela. Hawainamishi kiuno. Wanachuchumaa, miguu imeachana, machela imesogezwa karibu na mwili. Aliye upande wa kichwa anahesabu, na wote wanainuka pamoja kwa nguvu za mapaja. Mama analazwa ubavu wa kushoto, ili mimba isibane mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kisha muuguzi anakaa na kufunga mkanda wake, na hapo ndipo dereva anapoondoa gari. Mkanda huo wengi huupuuza kwa huruma, wakitaka kusimama karibu na mgonjwa. Gari likirushwa na shimo, muuguzi aliyesimama anakuwa majeruhi wa pili, na mama anabaki bila mtu.

Dereva naye ana elimu yake. Msimu wa mvua, korongo lililokuwa kavu asubuhi laweza kujaa jioni. Dereva mzuri husimama ukingoni, hushuka, hutazama maji, na yakiwa yanakwenda kwa nguvu hayaingii, hata ndugu wa mgonjwa wapige kelele. Hupiga simu kutafuta njia nyingine. Namheshimu sana mtu huyo.

Ndani ya gari nako, sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko. Hutupwa moja kwa moja kwenye kisanduku chake. Anayechomwa nayo huripoti saa ileile, kwani dawa za kukinga VVU zinatakiwa kuanzwa mapema, kabla ya saa 72 kupita. Chanjo ya homa ya ini aina ya B isisubiri ajali.

Lakini kigumu kuliko vyote ni kinachobaki kichwani. Sisi tunajua msiba: watu hukaa pamoja, huzungumza, huletewa uji. Lakini mhudumu aliyefiwa na mgonjwa njiani huosha gari, na simu inaita tena. Vikosi ninavyovisifu huiba nusu saa. Chai inamiminwa, kila mmoja anasema alichokiona, na hakuna anayemlaumu mwenzake. Vijana wengi wamelelewa wakiambiwa mwanamume hasemi maumivu yake. Naamini kimya hicho ndicho kinachowasukuma wengine kwenye pombe, na wengine nje ya kazi kabisa.

Na usingizi. Saa tisa usiku mwili hudai kulala, hata wa shujaa, na barabara ya kwenda Singida au Kondoa haimsamehe anayesinzia.

Mganga mkuu wa wilaya, wewe ndiye mwenye kalamu ya ratiba. Dereva aliyekesha usimrudishe barabarani asubuhi. Tenga chumba chenye kitanda na maji ya kunywa karibu na maegesho, na ile nusu saa ya chai iandike kwenye zamu, wasilazimike kuiiba.