Kuingiza sampuli katika elektroforesisi ya kapilari

Kapilari ya elektroforesisi (utenganishaji wa molekuli kwa umeme) ni mrija wa silika ambao kipenyo chake cha ndani kwa kawaida ni mikromita 25 hadi 100. Mrija wa mikromita 50, wenye urefu wa sentimita 50, hujazwa na takriban mikrolita 1. Sampuli haitakiwi kuchukua zaidi ya asilimia 1 au 2 ya urefu huo. Ikizidi, bendi za viambato hutanuka na kuingiliana. Tone la damu ya mtoto katika kituo cha afya kama cha Kisugu, Kampala, ni kubwa mara maelfu kuliko kiasi kinachohitajika.

Katika utafiti wa selimundu wa Uganda wa 2014–2015, sampuli 97,631 za damu iliyokaushwa kwenye karatasi zilipimwa kwa elektroforesisi ya jeli. Asilimia 13.3 ya watoto walikuwa na kinasaba kimoja cha selimundu, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa. Jeli huwa wazi, hivyo sampuli huwekwa juu yake moja kwa moja. Kapilari imefungwa pande zote isipokuwa ncha mbili, na sampuli huingizwa humo kwa njia kuu mbili.

Njia ya kwanza ni shinikizo. Ncha ya mrija huzamishwa katika kichupa cha sampuli, kisha kichupa hushinikizwa kwa hewa, huinuliwa juu ya kile cha upande wa pili, au upande huo hufyonzwa. Shinikizo la kilopaskali 3.45 kwa sekunde 5 huingiza takriban nanolita 5 katika mrija uliotajwa, yaani milimita 2.7. Ujazo hutegemea kipenyo kwa kipeo cha nne: mrija wa mikromita 75 hupokea mara tano zaidi. Mnato nao huathiri ujazo huo, kwa hiyo joto lazima lidhibitiwe. Faida ya njia hii ni kwamba viambato vyote huingia kwa uwiano uleule, jambo la lazima pale aina za himoglobini A, F na S (S ndiyo ya selimundu) zinapopimwa kwa asilimia.

Njia ya pili ni umeme. Volti huwashwa kwa sekunde chache ncha ikiwa ndani ya sampuli. Ayoni zenye mwendo mkubwa huingia kwa wingi kuliko nyingine, na chumvi katika sampuli hupunguza kiasi kinachoingia. Hata hivyo, mrija uliojazwa polima nzito hausukumiki kwa urahisi. Ndiyo maana mashine za kusoma DNA, ambazo mirija yake hujazwa polima kama hiyo, zikiwemo zinazotumika kuchunguza usugu wa VVU kwa dawa, hutumia umeme, baada ya chumvi kusafishwa.