Mugumo haukumwokoa Waiyaki

Shuleni tulikariri jibu moja: mugumo ni ishara ya utamaduni. Andika hivyo, beba maksi zako. Ila soma tena The River Between (1965) ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Chege anampeleka mwanawe Waiyaki hadi kwenye mugumo mtakatifu, anamtwika utabiri wa mkombozi. Mti wenyewe hausemi kitu. Mwishowe watu wake wanamwacha mikononi mwa Kiama, baraza la wazee, ahukumiwe. Ngũgĩ anatuambia utakatifu wa mti haumlindi mtu ambaye watu wamemkana. Nje ya kitabu, 2020, Nairobi iliunusuru mugumo mmoja wa Waiyaki Way. Miti mingine mingi ilikatwa barabara ipite. Bado tunasoma ishara tu.